Kuku wa Robo Saa

Jumatatu, 4 Machi

Siku ya kwanza kazini. Nilivaa suti ya mahafali, tai ya buluu, na viatu nilivyovipiga rangi mpaka vikang'aa kama kioo. Nilitarajia dawati. Nimepewa aproni.

Msimamizi alinipokea kwa heshima zote. Ni mtu mwembamba wa mwili na mnene wa maneno, na kila amalizapo sentensi hujichokoa meno kwa ulimi. Alisema kampuni inahitaji vijana wasomi wanaojua kuzungumza na watu. Kisha akanionyesha mahali pangu: meza iliyo katikati ya duka la vyombo vya umeme, baina ya majokofu na mashine za kufulia. Juu yake kuna oveni ndogo ya mezani, yenye mlango wa kioo na vitufe vitatu. Kazi yangu ni kupika mbele ya wateja. Mapaja ya kuku, viazi, mkate wenye jibini. "Chakula cha kila siku kwa robo saa tu!" — ndivyo bango linavyosema.

Shahada ya masoko, daraja la kwanza — na mkono ndani ya kuku! Ngozi baridi, yenye vinundu, inayoteleza kama sabuni iliyolowa. Nimenawa, nikanawa tena. Bado nanuka.

Jirani yangu kazini, muuza majokofu, tayari amenibatiza jina la Profesa. "Profesa, tupakulie basi, wengine tumetoka nyumbani na chai kavu." Nilicheka kwa adabu.

Niko kwenye majaribio mpaka Mkurugenzi atakapotutembelea. Akiridhika, nitathibitishwa. Nitahakikisha anaridhika.

Jumanne, 5 Machi

Leo nimefundishwa undani wa kazi. Sijui niuite ufundi au uchafu.

Trei ni mbili, zinafanana kama mapacha. Ya kwanza ni ya kuku mbichi: naionyesha, naitia ndani, nageuza kitufe cha muda, naanza kuhubiri. Kengele ikilia naitoa, naipeleka nyuma ya pazia "kupakua". Nyuma ya pazia kuna jiko la gesi, na juu yake trei ya pili imeiva tangu asubuhi, imepakwa mafuta, inameremeta. Narudi na hiyo. Watu wanashangilia.

Nilimwonyesha Msimamizi kijitabu cha oveni. Kinasema wazi kwamba mapaja ya kuku yanahitaji kama saa nzima, tena baada ya oveni kupashwa moto kwanza. Akajichokoa meno. "Bwana mdogo, nani atanunua saa nzima? Saa nzima wanayo makwao. Sisi tunauza robo saa."

Sheria nyingine: kisu hakiji mezani. Mteja akiona kisu atataka akate mwenyewe. Ni vijiti tu, vyenye vipande vya kuonja.

Nilipaswa kukasirika. Badala yake nilipendekeza trei ifunikwe kitambaa cheupe wakati wa kwenda nyuma ya pazia, ili tofauti isionekane. Akanipiga bega. "Ndiyo maana tunataka wasomi!"

Nikafurahi. Nilifurahi kweli!

Alhamisi, 7 Machi

Kichefuchefu tangu saa ya kufungua.

Kuku mbichi ni yuleyule kutwa nzima. Anaingia kwenye joto, anatoka vuguvugu, anakaa nyuma ya pazia, anaingia tena. Asubuhi alikuwa na rangi ya waridi. Jioni alikuwa wa kijivu, ametoa ute, na harufu yake inakaa nyuma ya koo, hata maji hayaiondoi. Trei ya makombo chini ya oveni imeganda mafuta meusi. Wapo wateja wasio wateja: wanazunguka, wanarudi kwa mlango mwingine, wanaonja upya. Mmoja alilamba kijiti akakirudisha kwenye sahani. Kwenye sahani!

Baada ya kufunga nilikuwa namwaga ile mbichi kwenye ndoo. Msimamizi akanishika mkono. Akauliza natupa nini, kwani kuku huyu ana kosa gani. "Huyo ndiye wa kuonjwa kesho. Mtie kitunguu na pilipili ya kutosha, moto mkali, basi."

Nilisema, "Sawa, mkuu." Sentensi fupi namna ile, na imeniacha na ladha kinywani.

Jumamosi, 9 Machi

Mama mdogo amekuja dukani!

Sikumwalika. Niliinua macho katikati ya hotuba, nikamwona mstari wa mbele, mkoba kifuani, anatabasamu kama siku ya mahafali yangu. Yeye ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki. Aliwaambia watu wa kulia na wa kushoto kwamba huyu ni mwanawe, amesoma, na wasikilize anavyopanga maneno. Nami, mpumbavu, nikaongeza madoido. Nilisema oveni hii inampa mama wa nyumbani uhuru wake. Nilisema hata asiyejua kupika atapika.

Kengele. Kitambaa cheupe. Pazia. Makofi.

Akanyoosha mkono achukue kijiti. Nikampa kile cha pembeni, nikitumaini kwamba cha pembeni kimepata moto zaidi. Alitafuna huku amefumba macho. "Mashallah ya mkono wako, baba!" Mimi nilitazama mashine za kufulia.

Akanunua. Muuza majokofu alimbebea boksi hadi nje. Aliporudi akaninong'oneza, "Profesa, hata mama yako?"

Jumatano, 13 Machi

Nimetoka kwa mama mdogo sasa hivi. Nilikwenda kula, sikula.

Oveni imewekwa sebuleni, juu ya kabati la vyombo vya wageni, kama picha ya familia. Mama mdogo alipika mbele yangu kama nilivyofundisha. Robo saa. Juu, ngozi ilianza kupata rangi. Baba mdogo akakata, na damu ikatiririka kwenye sahani, nyembamba, ya rangi ya waridi, ikaingia kwenye viazi vilivyokuwa bado vigumu. Nilihisi mate yananijaa mdomoni, yale mate ya kabla ya kutapika.

"Karibu, msomi wetu," baba mdogo akasema. "Huyu wa kwako bado anawika." Kisha akanichungulia. "Mbona leo hukupasua? Zamani ulikuwa huli paja mpaka ulipasue kwanza uone mfupa."

Kumbe tumbo limemsumbua tangu Jumapili. Anasema kwa utani, lakini mashavu yamebonyea.

Mama mdogo hakucheka. Alichukua sahani zote, akazirudisha jikoni, akasimama pale amenipa mgongo. Akasema oveni haina kosa, ameona kwa macho yake dukani jinsi inavyopika. Kosa ni la mkono wake. "Umezeeka mkono huu, mwanangu. Kuku mmoja, kwako anaiva, kwangu anagoma."

Mwanamke huyu amepika kwenye kuni, kwenye mkaa, kwenye mafuta ya taa. Wanaooza binti zao humwita yeye asimamie masufuria. Na leo aliuficha mkono wake ndani ya kitambaa cha kufutia vyombo, kana kwamba una upele.

Nikasema, "Labda vipande vilikuwa vikubwa." Hilo ndilo nililosema!

Ijumaa, 15 Machi

Mkurugenzi anakuja Jumanne. Msimamizi anasema barua yangu imeshaandikwa, imebaki sahihi tu. Amenipigia mfano: kuna kijana alianzia kwenye meza hii hii, sasa ana ofisi yenye zulia.

Mama mdogo amepiga simu. Jirani zake wawili wamenunua oveni kwa sababu yake. Na kwao pia kuku wanagoma. Mmoja amemwambia waziwazi kwamba siku hizi ushauri wake ni wa kuogopwa. Alisimulia akicheka, na kicheko hicho nakijua: ni cha kufunika kilio.

Ukweli ulinijia mpaka kwenye meno. Nikaumeza. Nikamwambia, "Nitakueleza, mama. Baada ya Jumanne nitakuja nikueleze vizuri." Akashukuru. Alishukuru!

Jumamosi, 16 Machi

Nilibaki dukani wenzangu walipoondoka. Nikasugua trei ya makombo mpaka ikaonyesha bati. Nikanunua mapaja mapya kwenye bucha la jirani. Nikapasha oveni kwanza. Nikatandaza vipande visigusane, viazi nikavikata vyembamba, nikavigeuza ilipofika nusu ya muda. Nikasubiri. Saa nzima, si robo.

Kuku alitoka mzuri. Ngozi inavunjika kama karatasi, nyama inaachia mfupa. Viazi vimekauka nje, laini ndani. Nilipasua mpaka mfupani: safi.

Basi chombo ni kizima! Hakikuhitaji uongo wowote. Kilihitaji mtu aseme "saa nzima". Nilikula nimesimama, peke yangu, na kila tonge lilikuwa tamu, na kila tonge lilinichukiza kuliko ute wote wa wiki mbili hizi.

Jumapili, 17 Machi

Nimenyoosha shati. Nimeisoma hotuba mbele ya kioo. Sikuweza kujitazama usoni, nilitazama tai.

Jumanne, 19 Machi

Naandika nimekaa juu ya maboksi, nyuma ya pazia. Daftari lilikuwa mfukoni mwa aproni. Nisipoandika nitatapika.

Mkurugenzi amefika — mama wa makamo, mpole, msikivu kuliko nilivyodhani. Nilianza vizuri. Watu walijaa mpaka kwenye majokofu. Nikainama kuchukua trei ya mbichi, nikasikia: "Hodi hapo, baba."

Mama mdogo. Amevaa gauni lake la kwendea harusini. Mikononi ana bakuli la bati lenye ukingo wa buluu, lile nililolijua tangu utoto, limefunikwa leso. Akawaamkia wote, wakubwa kwa wadogo. Akasema kwake kuku anatoka na damu, jirani wanamcheka, na anajua kosa ni lake. Kwa hiyo amekuja na kuku wake mwenyewe, aliyemlaza kwenye ndimu na kitunguu saumu tangu jana, ili mwanawe ampike kwa mkono wake naye aone anapokosea. "Usinionee haya, mwanangu. Leo mimi ndiye mwanafunzi."

Watu wakacheka, kicheko cha upendo. Muuza majokofu akapaza sauti, "Profesa, umeletewa mtihani!" Nilimwangalia. Hakuwa akicheka.

Mkurugenzi akafurahi sana. Akasema hakuna tangazo linalomshinda mama. "Mwekee. Robo saa si kitu, tutasubiri."

Nikaliweka bakuli ndani. Ningefanyaje? Nikafunga mlango wa kioo, nikageuza kitufe, nikasema naenda kuandaa sahani.

Msimamizi akanifuata huku nyuma, jasho linamtoka puani. Amenong'ona kwamba kengele ikilia nilifunike bakuli kwa kitambaa — kitambaa changu, ubunifu wangu! — nilete huku, tumwage vya mama, tutie vya kwetu, tumwagie mchuzi wake wa ndimu juu. "Hatajua."

Mama aliyeniogesha, asijue!

Na vya kwetu ni vile vya jana, vilivyozungushwa kutwa nzima, vya kijivu, vilivyopigwa moto alfajiri. Nimeinamia trei nikanusa. Nikamwambia vina harufu. Akasema ndimu itaiua. Akanitia vijiti mkononi. Kisha akatoa bahasha ya barua yangu mfukoni, si yote, pembe tu, akairudisha. Akatoka anatabasamu.

Namsikia mama mdogo kupitia pazia. Anawachangamsha wateja, Mkurugenzi anacheka naye. "Huyu? Huyu ana kinyaa tangu anatambaa! Paja la kuku ulimpe hivi hivi ale? Thubutu! Mpaka alipasue kwanza, aone mfupa, ndipo aweke mdomoni. Nilikuwa namwambia, wewe mtoto, utakuja kuwa daktari au utakuja kuwa msumbufu." Wanacheka tena. "Basi nikijua yeye amesema kimeiva, mimi nala nimefumba macho."

Ting.

Pazia limetikisika. Msimamizi anakohoa upande wa pili. "Na sasa — mpishi wetu!" Makofi.

Vijiti viko mkono wa kushoto, vimelowa jasho. Kisu, kile kisichoruhusiwa mezani, kiko hapa kando ya gesi, nimekifuta kwa aproni, sijui nimekifuta saa ngapi. Mkono wa kulia, nikishaweka kalamu hii chini, utakuwa mtupu.