Vyeupe Kila Siku

Mlabani, Ifakara
12 Machi 1994

Mdogo wangu Agnella,

Pokea salamu za nyumbani. Mvua imeshika, mpunga umesimama vizuri, na wote tunapumua. Habari za Bonn? Baridi imepungua? Wale wazee unaowauguza hawajambo?

Mimi sipo sawa, na hapa sijamwambia mtu. Siku zangu zilikoma mwaka juzi, nikashukuru. Sasa joto linanipanda kutoka kifuani mpaka masikioni, gauni linalowa mbele ya watu. Usingizi umekimbia. Hayo ningeyavumilia. Ila Jumatano nilikuwa nafundisha sehemu darasa la tano, nikaweka chaki kwenye namba ya chini, na jina lake likapotea. Asili. Neno nililolifundisha tangu nianze kazi. Nilisimama tu. Masalu, mtundu wa dawati la nyuma, akauliza, "Mwalimu, tukusaidie?" Darasa zima likacheka. Mwalimu mkuu Gaudensi akaniita ofisini: "Mama, umechoka. Nenda ukalime mpunga."

Agnella, mama alianza hivihivi. Wewe ulikuwa umeshaondoka. Pale Sanje alipanda mpunga mara mbili shamba lilelile, kisha akasahau njia ya mtoni, mwisho tukamfunga mguu kwa kamba mlangoni asipotee. Nilimlisha mimi, naye akiniita "mtoto wa watu". Tangu hapo ukoo unaita nyumba yetu nyumba ya vichaa. Kufa siogopi. Kamba ile naiogopa.

Dada yako,
Eufrasia


Bonn
20 Aprili 1994

Shikamoo dada,

Mimi mzima, na baridi ndiyo inaondoka. Barua yako niliisomea ndani ya basi, nikapitiliza kituo.

Nimemweleza daktari wetu, mama mtu mzima anayejua mambo ya wanawake. Anasema kusahau namna hiyo huwapata wengi hedhi inapokoma, mwili ukipungukiwa homoni, na kwa wengi hupita kwenyewe. Si lazima uwe ugonjwa wa mama. Vipo vidonge vya kurudisha homoni. Wako madaktari wanaotumaini kwamba vinaulinda hata ubongo, lakini yeye anasema hilo bado halina uhakika. Alisita kuandika dawa kwa mtu asiyemwona. Nilimsumbua mpaka akaandika.

Vidonge nimempa Sista Violeth anayekuja likizo huko. Vyeupe, kimoja kila siku. Vya njano, pamoja na vyeupe, siku kumi na mbili za mwanzo wa kila mwezi. Hivyo vya njano vitaleta damu kidogo, usishtuke. Kabla hujaanza, nenda hospitali wakupime presha na matiti. Tafadhali, dada.

Mdogo wako,
Agnella


Mlabani
10 Septemba 1994

Agnella mdogo wangu,

Marahaba. Tumeshavuna, na mchele wako nimekuwekea kana kwamba unakuja kesho.

Sikuamini. Nalala mpaka jogoo ananiudhi. Joto limekatika. Maneno yanakuja yenyewe, na Masalu nimemhamishia dawati la mbele. Gaudensi amenipa hesabu za darasa la saba. Ananiuliza, "Mama, umekunywa nini wewe?" Nikamjibu, "Chai ya Ujerumani."

Swali moja. Vya njano ni lazima? Mwezi ule wa mwanzo nilivimeza, na damu ikaja kweli. Sasa, mama mkubwa Digna alifariki mwezi wa sita. Baba mdogo Agapiti na wazee wa ukoo wamenichagua mimi nishike mahali pake unga wa tambiko kule Mahenge. Unajua katika ukoo wetu unga ule haushikwi na mwanamke anayekwenda mwezini. Walinivika ile kaniki nyeusi ya mshika unga mbele ya makaburi ya babu zetu. Walewale waliokuwa wakituita vichaa sasa wananipisha njiani. Nitawadanganyaje?

Dada yako,
Eufrasia


Bonn
2 Novemba 1994

Shikamoo dada,

Hongera kwa kaniki, na pole kwa msiba wa mama mkubwa. Nimelia kidogo, halafu nimecheka kwa ile chai ya Ujerumani.

Vya njano ni lazima. Vinakwenda pamoja. Kama hutaki vya njano, acha na vyeupe. Usinizungushe, dada, nakujua. Niandikie neno moja tu: unavimeza?

Mdogo wako,
Agnella


Mlabani
15 Januari 1995

Agnella,

Marahaba. Hatujambo. Navimeza. Na usiniulize tena habari za damu kwenye karatasi, barua hupita mikono mingi. Endelea kutuma vyote viwili.

Dada yako,
Eufrasia


Mlabani
24 Novemba 1996

Mdogo wangu,

Natumaini hujambo na kazi inakwenda. Huku mvua za kwanza zimenyesha, watu wako mashambani.

Naandika hili bila kujua nianzie wapi. Nilikudanganya. Ukiacha vya mwezi ule wa mwanzo, vya njano vyote ulivyotuma miaka hii vimo ndani ya kopo la maziwa. Vyeupe sijaruka hata siku moja. Tangu mwezi wa nane natoka damu, bila mpango, na siku nyingine ina harufu. Kwenye tambiko la mwaka huu niliushika unga nikiwa nimejifunga kitambaa, nikiomba mtu asinikaribie.

Je, ni mwili unarudi ujanani kwa nguvu ya dawa? Nijibu wewe. Hapa nimuulize nani?

Dada yako,
Eufrasia


Bonn
11 Desemba 1996

Shikamoo dada,

Sina habari nyingine leo. Acha vyeupe. Nenda hospitali siku hiyohiyo utakayoisoma barua hii, uwaambie yote, uwaonyeshe na vidonge. Vyeupe peke yake vinanenepesha ngozi ya ndani ya tumbo la uzazi, na ikinenepa sana inaweza kugeuka saratani. Vya njano kazi yake ni kuzuia hilo.

Daktari aliniambia tangu siku ya kwanza. Neno lile sikukuandikia. Niliogopa utavitupa vyote, nibaki huku nikisoma barua za mtu anayepotea.

Sitatuma tena vyeupe. Nenda, dada.

Mdogo wako,
Agnella


Bonn
20 Februari 1997

Shikamoo dada,

Nimepiga simu parokiani. Wanasema hujambo, unafundisha kama kawaida. Kama kawaida vipi? Ulipimwa? Nijibu hata mstari mmoja. Hata kama ni matusi.

Mdogo wako,
Agnella


Mlabani
8 Juni 1997

Mdogo wangu Agnella,

Marahaba ya barua zote mbili. Nakuandikia nikiwa nimeegemea mto, usishangae mwandiko.

Ile ya Desemba niliipata katikati ya Januari. Niliisoma, nikaielewa. Niliviacha vyeupe siku chache. Joto likarudi, usingizi ukaondoka, na asubuhi moja nikasimama mbele ya darasa la saba, neno likapotea tena. Nilirudi nyumbani nikameza. Nikaendelea kumeza mpaka vikaisha. Hospitali nilifikishwa baada ya Pasaka, nilipoanguka ubaoni. Wakanipeleka Dar es Salaam. Huko walifungua tumbo, wakatazama, wakafunga. Imeshasambaa. Daktari kijana alikuwa anamnong'oneza baba mdogo Agapiti, nikamwambia, "Mwanangu, niambie mimi. Nasikia."

Baba mdogo nimemweleza habari ya unga. Hakunigombeza. Aliinuka, akatoka, na hajarudi. Kesho yake walikuja vijana wawili kuichukua kaniki.

Najua unajiuliza nini huko. Kama ungeandika neno lile tangu mwanzo, ningevimeza vya njano? Nadhani nisingevimeza. Sina hakika, na sitakudanganya tena ili upate usingizi.

Akili nilizozililia ninazo zote. Jana nimesahihisha madaftari ya darasa la saba kitandani, Gaudensi ameyachukua mwenyewe. Najua tarehe. Namjua kila anayeingia, na mimi ndiye ninayemtangulia kwa salamu. Nawaona wanavyokwenda kwanza kufungua dirisha, hata siku ya mvua, ndipo wanakaa. Harufu hawaitaji, nami nazungumza nao habari za mpunga.

Kama utakuja, njoo upesi.

Dada yako,
Eufrasia