Kisahani cha Bibi Uvinza

Gisenyi, 22 Aprili 1954

Kwa Shangazi Siwatu, Ujiji.

Salaam aleikum, shangazi. Hujambo wewe, na miguu yako je? Na wote wa nyumbani? Mimi mzima, ila mgongo. Kazi ni ileile ya kupakia magunia ya kahawa kwenye boti, na baridi ya huku inaingia mpaka kwenye mifupa.

Nimeharibu jambo, nakueleza bila kuficha. Mtaa huu ninaokaa ni wa watu ambao wazee wao walitoka huko kwetu, wakaja na biashara, wakafia huku. Kila Shaabani watoto wao husoma hitma na kuwataja mmoja mmoja, ingawa wengi hawajapata kuiona Ujiji kwa macho. Mwaka huu nami nilikaa mkekani. Mzee Muhamadi, anayetusomesha hitma, akataja, akataja, kisha akasema, "Na Bibi Uvinza, Mungu amrehemu."

Shangazi, nikacheka. Nikasema, "Uvinza si mtu, ni mahali panapopikwa chumvi!"

Watu wakanigeukia. Kumbe Bibi Uvinza ndiye mama wa mama yake Saidati, muuza maandazi wa mtaa wetu. Tangu siku ile vijana wa sokoni wanamwita mjukuu wa gunia la chumvi. Alinifuata mpaka ziwani, mbele ya wenzangu: "We Kadiri, mi nimezaliwa na mutu, si na chumvi! Bibi alinibeba mugongoni. Wewe ile gunia yako iliisha kukubeba?" Wenzangu walicheka, mimi nikajitwika gunia.

Sasa Mzee Muhamadi amesema Shaabani ijayo jina litaondolewa. Anasema, "Hatuwezi kuombea mahali rehema."

Je, uliwahi kusikia habari za mwanamke wa namna hiyo?

Mwanao, Kadiri

*

Ujiji, 9 Juni 1954

Mwanangu Kadiri,

Wa aleikum salaam. Sisi tuko salama, na miguu ndiyo hiyohiyo. Ulicheka kwenye hitma? Nani alikulea wewe? Ni mimi. Basi nimeona haya mwenyewe.

Unakikumbuka kisahani cha chumvi ambacho bibi yako alikiweka karibu na mlango kila hitma, nanyi watoto mkipigwa vikofi mkikigusa? Mlidhani ni cha kufukuzia majini. Kilikuwa cha mdogo wake, Nyamizi. Walizaliwa Uvinza, wakipika chumvi na mama yao. Nyamizi alichukuliwa na msafara, mzigo kichwani, mimba tumboni, wakaelekea kaskazini. Hakurudi. Bibi yako akasema, "Chakula tutakula bila yeye, lakini chumvi hii ni yake. Ataikuta." Alipofariki nikaendelea mimi.

Sijui kama ndiye. Walioondoka ni wengi. Lakini Nyamizi aliunguzwa na chungu cha chumvi angali mtoto, vidole viwili vya mkono wa kushoto vikashikana. Saidati usimwambie hayo. Muulize tu mkono ulikuwaje. Na kwanza muombe radhi.

Kisha urudi nyumbani. Mgongo hauuzwi dukani.

Shangazi yako, Siwatu

*

Gisenyi, 14 Novemba 1954

Kwa Shangazi Siwatu,

Natumai miguu imepata nafuu. Samahani kwa kukawia. Saidati hakutaka hata salamu yangu. Nilimpelekea kuni, akasema, "Weka hapo, mutu ya Ujiji bila adabu." Mvua ilipobomoa paa la jiko lake nikaja kulitengeneza, na hapo ndipo akasema, "Bon, haya. Sema."

Nikamwomba radhi. Nikamuuliza mkono wa kushoto wa bibi yake ulikuwaje.

 Alichukua donge la unga, akabana vidole viwili vya kushoto pamoja, akakata andazi navyo. "Alikuwa anakata hivi," akasema. "Zake zilikuwa zimeshikana, moto ilimukula akiwa mutoto. Mama alikata hivi, na mi nakata hivi. Zangu haina kitu, lakini sijui kukata namna ingine."

Shangazi, nilikaa chini palepale kwenye majivu. Nikamsomea barua yako. "Yewe!" akasema, akajifunika uso kwa kanga. Baadaye: "Soma tena pale pa mulango."

Mzee Muhamadi naye ameisikia. Jina linabaki, na mimi ndiye nitakayelitaja. Nilimuuliza Saidati nitaje lipi. Akasema, "Nyamizi ni wa kwenu, mi nilikuwa na Bibi Uvinza. Taja yote mawili, asipotee tena."

Kuhusu kurudi, bado. Mgongo unavumilia.

Mwanao, Kadiri

*

Ujiji, 15 Aprili 1955

Mwanangu Kadiri,

Nakusalimu, wewe na binti yangu Saidati. Tangu ile barua ya Novemba sijapata nyingine. Kila meli ikiingia Kigoma naulizia.

Juzi tumesoma hitma yetu. Nikaweka chumvi karibu na mlango kama kawaida. Tulipomaliza kumtaja Nyamizi nilikichukua kisahani, nikaimimina chumvi yote kwenye chungu cha mchuzi. Wanawake wakashtuka. Nikawaambia, mwenyewe ameonekana, ana kaburi, ana watu wake. Tukala. Mchuzi ulizidi chumvi, na hakuna aliyelalamika.

Kisahani nimekiosha, nimekifunika juu ya kabati. Kadiri, usinifanye nikitie chumvi tena.

Shangazi yako, Siwatu