Sitakuambia Upumzike

Yaya Zaituni,

Nimekaa nyuma ya nyumba yangu hapa Koboko, miguu iko ndani ya karai la maji ya moto, na daftari liko mapajani. Ungekuwepo ungenicheka. Ungesema, "Feza, miguu yako iko kama ya bata," kisha ungeingiza na yako humo humo bila kuniomba ruhusa. Karai ni lile lile. Limetoboka pembeni, nikaliziba kwa lami, na bado linavuja.

Mambo ya huku hayajabadilika sana, ila chumvi imekuwa ya kutafutana. Sabuni ndiyo usiseme. Ile kawa ya kufunikia chakula uliyoiacha nusu, ile ya nyekundu na zambarau, Mariamu wako ameimaliza. Ukingo umekwenda upande kidogo. Nilimwambia ni nzuri, na wewe ukiiona sema hivyo hivyo.

Nimekukumbuka mno, yaya. Mama alinizaa mimi peke yangu kule Kongo, na hilo neno yaya, la kumwita dada mkubwa, sikuwahi kumwita mtu mpaka nilipokutana na wewe sokoni, ukanisogezea nusu ya mkeka wako bila hata kuniuliza jina. Mimi Mkristo mwenye vitenge, wewe Mnubi mwenye kawa zako. Tangu siku ile, siku za soko la Ludara tulikwenda pamoja kwa miguu, mizigo kichwani. Wewe ulitangulia daima. Mimi nilitembea nikitazama visigino vyako na kulalamika, na wewe ulijibu bila kugeuka kwamba anayelalamika bado ana pumzi. Tukifika, unashusha mzigo, unashika kiuno, unasema, "Leo tumefika Ludara," kama vile jana yake tulishindwa.

Kisha shemeji akapandishwa cheo jeshini. Nakumbuka alivyosimama mlangoni kwenu na zile alama mpya begani, mtu mwenye furaha kabisa, akakuambia mbele yangu: "Sasa wewe iko bibi ya mukubwa. Iko watu ya kuchota maji, iko watu ya kupika. Wewe pumzika." Akakupeleka Arua kwenye nyumba ya bati jipya na kiti cha mto. Nami nilikuonea wivu, sitaki kukudanganya. Nilipanda lori nikaja kukuona, nikakukuta umenenepa, mashavu yanang'aa, na kila mgeni anakusifu kwa hilo. Mwanamke anayekaa ndiye mwanamke aliyeolewa vizuri. Ndivyo sisi sote tulivyojua. Ukishika ufagio tu, wifi yako Hajara anakunyang'anya. Ukitaka kwenda sokoni, anatumwa mtu. Siku moja ulinisindikiza hadi getini, ukasimama hapo unahema, ukaniambia, "Feza, mimi nimechoka na hii kupumzika." Tukacheka wote wawili.

Halafu kile kivimbe kwenye titi. Hakikukuuma, kwa hiyo hukumwambia mtu, ukakifunika na shuka zako nzuri. Uliponishika mkono na kuuweka pale, kilikuwa kimeshakuwa kigumu kama kokwa la embe. Daktari alisema kansa, na alisema tumechelewa. Bado nikinawa uso asubuhi mkono wangu unakumbuka kile kivimbe.

Wakati wa ugonjwa, neno lilikuwa lile lile. Pumzika, mama Mariamu. Pumzika, bibi. Watu walilileta pamoja na uji na maziwa. Wewe ulisubiri waondoke, kisha ukanishika bega tukazunguka ua, polepole, na kila mahali ulipaita kwa jina la njia yetu ya soko. Kamba ya nguo ilikuwa ule mto tunaovuka. Lile pipa la maji lilikuwa njia ya kwenda Midia. Mlango wa jikoni ulikuwa Ludara. Siku nyingine tuliishia mtoni tukarudi. Lakini ile siku ya mwisho uliyosimama, yaya, ulifika mpaka kwenye kizingiti, ukashika kiuno, ukasema maneno yako. Nilikuwa nyuma yako, kama kawaida, kwa hiyo hukuniona nikilia.

Sasa nikueleze kilichotokea baadaye, maana kinamhusu mwanao.

Siku ya arobaini yako, dua ilipokwisha na watu wakawa wanakula, Hajara alisimama kati ya wanawake akatangaza kilichokuua. Si sihiri, si jicho la mtu. "Ni ile kutembea ya zamani. Kila siku Ludara, Ludara, mizigo kichwani. Imevunja yeye kifua ndani kwa ndani." Wanawake wakaitikia. Akaendelea kwamba Mariamu hatafanya kosa hilo. Atakaa ndani. Hatatwanga, hatabeba maji, na kwangu Koboko hatakuja tena, kwa sababu kwangu ndiko njia inakoanzia. Mariamu alikuwa ananawisha watu mikono. Alisimama na birika, maji yakawa yanamwagika chini, hakuna aliyemwambia.

Jioni hiyo alinifuata nilipokuwa nafunga mzigo wangu. Aliniuliza, "Mama Feza, hii ugonjwa itakuja kwangu pia?" Nilitaka kusema hapana, na sikuweza.

Basi nikabaki Arua, na asubuhi tukapanda wote wawili kilima cha Ediofe, kwa yule sista mzungu mzee wa zahanati, yule anayeendesha baiskeli hata wakati wa matope. Nilimuuliza waziwazi: ni kutembea kulikomuua dada yangu? Sista alicheka kidogo, halafu akaona nyuso zetu akaacha. Akasema kutembea hakumpi mtu kansa, wala mzigo wa kichwani haushuki kifuani ukawa kivimbe. Nami kwa hasira nikauliza: basi ni kukaa? Hapo alitikisa kichwa. "Mama, hiyo hakuna mutu anaweza kukuambia. Wengine wanakaa, wanazeeka muzuri. Wengine wanalima kila siku, na ugonjwa inawapata. Lakini mwili ya kufanya kazi na kutembea, hatari yake inapungua. Inapungua tu, haiishi." Akamgeukia Mariamu akamwambia kwa kuwa mama yake aliugua, yeye ajiangalie zaidi: atembee, asiache mwili unenepe ovyo, na akioga apapase matiti yake, akikuta kitu kigeni, aje siku hiyo hiyo, hata kama hakiumi. "Usingoje iume," alisema, na alilisema mara mbili.

Nilitamani aseme kwamba ni kukaa ndiko kulikokuua. Nilitaka kubeba jibu hilo hadi nyumbani kwako na kulitupa mezani. Nilirudi na kitu kidogo kuliko hicho, lakini cha kweli.

Shemeji alikuwa barazani anavua buti, jasho linamtoka, ametoka kukimbia uwanjani na askari wake. Wewe unajua anavyowaambia kila asubuhi, hadi majirani wamekariri: "Mwili ya askari bila mazoezi inaoza!" Mtu mwingine asingethubutu kumsogelea siku hizi, lakini mimi ni shemeji yake, na mdomo wa shemeji umeruhusiwa. Nikamwambia, "Bwana mukubwa, mwili ya askari bila mazoezi inaoza. Na ya binti ya askari je, iko ya mbao?"

Hajara aliziba mdomo. Mariamu alitazama chini.

Hakukasirika. Aliwaambia wao waende ndani. Nikamweleza yote ya sista, bila kuongeza, bila kupunguza. Alikuwa ameshika buti moja mkononi kama mtoto aliyesahau alichotumwa. Kisha akaniuliza kwa sauti ambayo sikuijua: "Shemeji, ni ile pumzika yangu imemuua?"

Yaya, nilikuwa na hasira naye muda mrefu sana. Na hapo ndipo ningeweza kuimaliza, kwa neno moja tu. Lakini nilimwambia alichosema sista, kwamba hakuna anayejua. Na nikamwambia jambo ambalo sista hakulisema: kwamba wewe ulijua neno lile alikupa kwa mapenzi, na ulilivaa kama nguo aliyokununulia, hata lilipokubana. Akalia. Mwanaume yule mzima, na buti lake. Nilikaa naye mpaka akamaliza, na hasira yangu sijui ilikwenda wapi, sijaiona tena.

Baadaye aliita ndani: "Mariamu! Siku ya soko utaenda na mama yako Feza. Lakini murudi mbele ya jua kuzama." Hajara alinuna. Bado ananuna, lakini juzi alimwagiza Mariamu amletee tumbaku ya Ludara, kwa hiyo naona tunaelekea pazuri.

Na leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Ndiyo maana ya karai. Mariamu alilala kwangu, tukaondoka na umande, yeye na kawa zako, mimi na vitenge vyangu. Sikumwambia atangulie. Alitangulia mwenyewe, nikajikuta nyuma natazama visigino ninavyovijua, nikaanza kulalamika ili nisilie. Tulipovuka mto hakupunguza mwendo. Sokoni alishusha mzigo, akapangusa uso, akashika kiuno. Hakusema kitu, yaya. Alihema tu, anatabasamu. Kwa hiyo lile neno lako la kufika nikalisema mimi.

Nakuahidi nitatembea naye mpaka miguu hii ikatae, na nitamuuliza kila mwezi, hata akiona haya, kama amejipapasa. Na mimi mwenyewe najipapasa.

Siku ya mazishi yako kila aliyepita alikuambia pumzika. Mimi nilifunga mdomo, watu wakadhani ni uchungu. Sisi wawili tulipoachana njia panda hatukuambiana hivyo hata siku moja. Wewe ulisema, "Bakia muzuri, Feza," na mimi nilisema neno langu, ukaondoka bila kugeuka.

Enda muzuri, yaya. Enda muzuri.

Mdogo wako,
Feza