Papa, Foto ya Uso Wako Iko Wapi?

Papa,

Nimekukasirikia. Watu wanasema mutu akishakufa hawamukasirikii, wanamuombea. Bon, nimeomba pia, lakini hasira iko palepale. Leo utaisikia yote, maana hauwezi tena kuvaa buti zako na kwenda pori uniache naongea peke yangu.

Siku uliyokufa, kabla hata hatujakutoa morgue ya hospitali, tonton Faustin, mudogo wako, alikuja kuniomba foto ya kuchapa kwenye tisheti za matanga. Unajua hapa kwetu: matanga bila uso wa marehemu kifuani mwa watu, familia inachekwa. Nikafungua ordinateur yako, kompyuta yenye foto zako zote. Mousse ya kijani, yale majani madogo sawa manyoya, juu ya miti iliyoanguka. Mousse ya manjano kwenye mawe. Likeni ya kijivu, ile inayoshika ganda la muti sawa ukurutu kwenye kichwa ya mutoto. Tone la mvua, tone lingine. Nilitafuta mpaka macho yakaniuma. Wewe, hakuna. Miaka yote hiyo ya kupiga foto, hata moja haukukubali tukupige. Ulikuwa unasema, "Sura yangu munaiona kila siku, mutaifanya nini?" Haya, Papa. Ndiyo hii tungeifanya.

Tukabaki na kadi yako ya mupiga kura. Kadi zetu unazijua, wino unafutika. Pale kwenye uso palibaki masikio na kola ya shati. Fundi wa kuchapa akasema si shida, atamalizia na mashine. Akamalizia kweli. Akakuwekea macho, pua, mudomo, na ndevu ambazo haukufuga hata siku moja. Watu wote walikulilia na mutu mwingine kifuani. Mama alipopewa yake aliigeuza ndani nje, akaivaa vile.

Na sasa Junior, mutoto wangu uliyekuwa unamubeba mugongoni, anaonyesha ile tisheti kwa kidole na kusema "babu". Namwambia hapana, siyo yeye. Ananiuliza, basi babu iko namna gani? Ninaanza kumuelezea, na maneno yananiishia. Hiyo ndiyo siwezi kukusamehe. Na mimi pia naanza kukupoteza.

Juzi mvua ilishika tangu asubuhi. Nikachukua kamera yako, nikapanda toleka, mwenye baiskeli akanung'unika njia nzima mpaka ng'ambo ya daraja la Tshopo. Niliingia pori yako na hasira. Nikalala tumbo kwenye matope mbele ya muti ulioanguka, vile ulivyokuwa unalala, mimi nikikushikia mwavuli. Na mwavuli ulitaka uwe juu ya kamera, siyo juu yako. Mugongo unalowa, unakohoa, na bado unanifundisha: "Sogea. Ukiona umefika karibu, sogea tena. Usipumue." Nikasogea, sikupumua, nikapiga likeni moja ndogo kuliko ukucha. Ilitoka nzuri, na hiyo ndiyo iliniudhi zaidi.

Nikarudi nyumbani nimelowa chapachapa. Mama alikuwa anatwanga pondu, majani ya muhogo. Nikamwambia asisogee. Akakataa, eti hajachana nywele. Nikasogea tu, nikasogea tena, na ile lenzi yako ya vitu vidogo: mvi kando ya sikio, kovu chini ya jicho, jasho juu ya mudomo. Halafu nikamuonyesha. Aliangalia muda murefu, muchi mukononi. Akasema, "Papa yako hakuniangalia hivi hata siku moja." Akarudi kwa pondu yake. Alors, hilo nalo utalijibu huko uliko.

Mimi nimemaliza. Nakuaga nikiwa bado nimekasirika, ujue, na nikija kaburini Jumapili nitakuja na hasira hiyohiyo. Lakini ahadi nakupa: katika nyumba hii hakuna mutu atakayezikwa tena na uso wa kutengenezwa. Nitawapiga foto wote, tonton Faustin wa kwanza, hata akikimbia. Jana nilitafuta na foto yangu pia ya kumuachia Junior. Hakuna. Siku zote nilikuwa nyuma yako, nashika mwavuli. Kwa hiyo kesho nitakaa mimi mbele, na Mama ndiye atabonyeza. Nimeshamufundisha asipumue.

Ni mimi mutoto wako,
Aziza