Peremende ya Mgeni

Kyuso,
Jumapili, Julai.

Mpendwa Mueni,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye vumbi. Kikohozi chako kimepungua? Na ile pampu ya mtoni, fundi aliitengeneza au mboga zimekauka? Mimi ni mzima wa mwili, ila kichwa kimechoka, na wa kumwambia ni wewe tu.

Unajua kazi yangu huku ni kumtafsiria Daktari, yule mzungu wa chuo kikuu anayechunguza akili za watoto. Jaribio lenyewe lilishafanywa kwao, sasa anataka kuona kama sisi Wakamba tutatoa matokeo yaleyale. Mtoto wa nasari anakalishwa chumbani, Daktari anamwekea peremende moja, nami namtafsiria: "Ukingoja hadi nirudi, nitakuongezea ya pili." Kwao wengi walingoja. Hapa Daktari hajafika mlangoni, peremende iko mdomoni.

Basi anaandika kwamba hawana subira. Subira! Watoto wanaopanga foleni ya maji kwenye mchanga wa mto tangu alfajiri!

Jumanne mama wa msichana mmoja alikuja kumchukua, nikamweleza kwamba binti yake hakungoja. Alicheka hadi akashika ukuta.

"Aiya! We karani, ulitaka aiache hapo mezani? Mgeni ampe kwa mkono wake, yeye aitazame tu? Si mzungu atasema tunamshuku ametia sumu?"

Ni kweli. Hata sisi tulilelewa hivyo: cha mgeni unakionja akikuona. Nilimweleza Daktari siku hiyohiyo. Alisikiliza vizuri, siwezi kumsingizia, akakubali kwamba Ijumaa peremende zitolewe na mama zao. Watoto walingoja, Mueni! Mmoja aliikalia mikono yake. Mwingine aliimba wimbo wa kanisani mpaka mwisho, akaurudia. Nikadhani tumemaliza.

"Hii ni nzuri," Daktari akasema, "lakini si jaribio lile. Nikibadilisha mtoaji, siwezi kulinganisha na kwetu."

Na kipimo ni kipimo, hilo nalijua. Unanifahamu nilivyo na utaratibu. Ndiyo maana linaniuma zaidi. Ya Ijumaa itawekwa chini ya ukurasa kwa herufi ndogo, na juu itasomeka kwamba watoto wa Kyuso hawawezi kungoja. Nilibishana naye mpaka chai ikapoa. Hakubadilika.

Sasa sikia. Mwezi ujao tunakuja Kibwezi, na nasari ya kanisa letu imo kwenye orodha ya Daktari. Mwanetu Kioko atakalishwa kwenye kile kiti. Nilitaka kukuambia umfundishe kuiacha, ili aandikwe miongoni mwa wenye akili. Nimeghairi. Usimfundishe kitu.

Nisalimie mama, umwambie dawa ya miguu nitakuja nayo. Msalimie na dada yako mshonaji, na mchungaji pia. Na Kioko mwambie baba anakuja na mgeni. Akipewa kitu, apokee kwa mikono miwili, ashukuru, ale. Waandike watakavyo.

Ni mimi mumeo,
Mutua