Ngumi ya Makaburini

Jumatatu, 4 Oktoba 1993

Masasi. Joto. Sura ya nne ya riwaya imenikatalia. Magwangwara, hao Wangoni wa zamani, wamevamia, wanakamata watu — na shujaa wangu Mrope anaua watatu kwa mkuki mmoja, hata jasho halimtoki! Nimemsomea Anjelina huku akibangua korosho. Mwishowe mke wangu huyo akauliza Mrope anaogopa nini. Nikasema haogopi kitu. Basi hapigani, akasema, anacheza ngoma.

Nimenuna. Nimenuna kwa sababu kasema kweli.

Mjomba Vitalis alinisimulia vingine. Babu yetu, ndiye Mrope mwenyewe, hakuua mtu. Alifungwa kamba, akaswagwa mpaka Ungoni, akarudi mvi zimemjaa. Hilo sikuliandika. Shujaa wa riwaya afungwe kama mbuzi?

Alhamisi, 7 Oktoba

Mjomba Vitalis amefariki. Tunakwenda Chidya, kijijini kwake. Siwezi kuandika.

Jumamosi, 9 Oktoba

Nimempiga mtu. Makaburini!

Godwin Gama. Mngoni, mtani wetu. Alikuwa fundi cherehani mjini Masasi. Tangu soko huria, cherehani imelala, anauza mitumba. Vita vya mababu viliisha, ukabaki utani: sisi tukifiwa, wao ndio wa kutuchekesha na kutusumbua. Basi Godwin akaingia kaburini, akalala chali, akazuia jeneza.

“Huyu mtumwa wetu,” akasema. “Babu yangu alimfunga kamba babu yenu. Mnamzikaje bila kumwuliza mwenye mali?”

Watu wakacheka, hata mjane. Hata mimi meno yalikuwa nje. Halafu — sijui. Nilimvuta ukosi nikamtwanga ngumi ya mdomo. Mtani hakasirikiwi, hata mtoto anajua! Godwin akafuta damu, akajikung'uta udongo, akaondoka. Aibu. Aibu tupu.

Jumapili, 10 Oktoba

Mkono umevimba. Mwandiko kama wa darasa la kwanza. Lakini nimeandika tangu kutoka kanisani, siwezi kuacha. Mrope kafungwa. Anamchukia aliyemfunga, ila anajichukia zaidi: mikono aliinyoosha mwenyewe. Siku kamba inapokatika anampiga mwanamume aliyekuwa akimpa maji, asiye na kosa. Ngumi ile alikusudia kujipiga mwenyewe.

Nimempa Anjelina. Safari hii hakutaja ngoma. “Sasa namwogopa,” akasema, akarudisha karatasi.

Nikafurahi! Kisha nikaona haya. Mjomba hata udongo haujamkaukia, nami nafurahia sura ya nne.

Jumanne, 12 Oktoba

Mama mkubwa Maria, dada wa marehemu, amegoma. Kesho ni kuanua matanga, na nyumba ya marehemu lazima ifagiliwe na mtani. Wapo Wangoni wengine, nimemwambia. Hataki. Mtani aliyepigwa ndiye huyohuyo ashike ufagio, la sivyo msiba hautoki ndani. “Ukamlete mwenyewe, Baba Sophia. Kalamu yako haifagii.”

Naandika hapa mgahawani Masasi, mkabala na meza ya mitumba ya Godwin. Chai imepoa. Nimetoka kwake sasa hivi na nitarudi, sina pengine pa kwenda.

Nilimpelekea jogoo wa faini. Njia nzima nilijiandaa kwa matusi: mtumwa, mla panya, yote. Angenitukana mbele ya wateja ningembusu: mtani akikutukana, amekusamehe. Akampokea jogoo kwa mikono miwili, mdomo bado umevimba.

“Asante, Mwalimu.”

Mwalimu! Nafundisha kweli, lakini tangu tufahamiane hajawahi kuniita hivyo. Nikamwambia nyumba inangoja ufagio wake. Akasema atapita kuwapa pole wafiwa akipata nafasi. Adabu tele, kama anaongea na mkaguzi wa elimu. Nikakosa pa kutazama. Nikasema, “Godwin, nitukane.”

Akakunja suruali ya mtumba, akaipanga juu ya zenzake. Akanitazama vizuri kabisa.

“Mama Sophia hajambo, Mwalimu?”