Presha ya Panya Ilishuka

Jumatatu, 3 Machi
Flora amenipima asubuhi. Presha juu tena, miguu imevimba, figo zangu zinakufa. Binti yangu ananificha namba, kana kwamba sikufanya kazi maabara maisha yangu yote. Mchana upepo ukaleta kipaza sauti cha Boay kutoka mnadani. Anauza mizizi. "Imepimwa na mzee wetu wa maabara! Panya wote presha ilishuka!" Mzee huyo ni mimi. Mwongo mkubwa, Boay.

Jumatano, 5 Machi
Paulina, mdogo wangu, ameacha vidonge vya hospitali. Anakunywa mizizi ya Boay. Nimemfokea. Akacheka. "Kaka, si ulituambia mwenyewe kwenye harusi ya Flora?"
Niliwaambia. Nilijigamba. Mzizi wa mlima wetu, Hanang!

Alhamisi, 6 Machi
Niandike yote, sina muda. Tuliwatoa panya figo moja moja, tukawachoma sindano za homoni, tukawanywesha maji ya chumvi mpaka presha ikapanda. Ndipo tukawapa mzizi. Nilipima mwenyewe, kwa mkanda mdogo mkiani. Presha ilishuka, kweli. Walikuwa wanaharisha, hawali, miili imekauka. Presha ya anayekufa hushuka. Wakafa wote. Jaribio likafungwa.
Harusini nilisema nusu ya kwanza tu. Wakanipigia vigelegele. Mpumbavu mimi. Wanyama wale niliwatesa, na mateso yao yalizaa kitu kimoja tu: onyo. Onyo lenyewe nikalimeza.

Jumatatu, 10 Machi
Mnadani. Flora alikataa, nikamshinda. Bodaboda, mimi katikati, yeye nyuma amenishika kama gunia la mahindi. Nimemnyang'anya Boay kipaza sauti. Nimesema yote, hata kuharisha. Watu wakacheka. Mmoja akapaza: "Babu, hao panya wa mjini! Sisi tumekunywa maziwa ya Hanang!" Boay akaendelea kuuza mbele ya macho yangu. Nilitaka kumchapa fimbo. Mkono haukuinuka. Hasira imebaki kifuani, inaniua kabla ya figo.
Paulina alikuwa pale, kwenye mitumba. Alisikia. Akaondoka bila kunitazama.

Jumatano, 12 Machi
Mvua kidogo. Paulina amekuja. Hakunipa shikamoo, mara ya kwanza tangu azaliwe. Akaketi, akaomba maji. Akafungua pindo la khanga, akatoa kidonge cha hospitali, akameza. Akanitolea ulimi nione. Kisha akavuta ungo wa Flora, akaanza kuchambua maharage.